Chombo cha mizigo cha angani kikishapakuliwa kinateketezwa. Kwa nini kisirudishwe?

#1 Nyota ya Alfajiri
Habari zenu wakuu. Kuna swali linaninyima raha tangu juzi. Nimekuwa nikisoma kuhusu vyombo vinavyopeleka chakula, maji, hewa na vipuri kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Havina rubani wala abiria, vinakwenda vyenyewe mpaka kituoni. Hapo nimevua kofia.

Kilichonishinda ni mwisho wake. Chombo kikishapakuliwa kinajazwa takataka, kinaachiwa, kisha kinashushwa makusudi kiteketee juu ya Pasifiki Kusini. Progress ya Warusi ndivyo inavyofanya tangu 1978, na Tianzhou ya Wachina inayohudumia kituo chao vilevile. Injini, kompyuta, rada, matangi, paneli za jua, vyote moto!

Hivi kweli imeshindikana kukirudisha salama kikajazwa tena? Mimi naona ni ufujaji. Mwenye kujua anieleze taratibu.

#2 Mpanga Shehena
Karibu Nyota. Mimi napanga mizigo kwenye ndege, mwaka wa kumi na tatu sasa. Kazi yangu yote ni kilo. Rubani haniulizi ndani ya kreti kuna nini, anauliza ina uzito gani na imekaa wapi.

Chombo kikitakiwa kurudi kizima kinahitaji ngao ya joto, miavuli, na kiunzi cha kuhimili mteremko ule. Vyote hivyo lazima vipande kwanza ndipo vishuke. Kila kilo ya ngao ni kilo ya chakula iliyobaki chini. Kwangu jibu ni hilo, sioni la kuzunguka.

#3 Kipepeo Mweusi
Nimevuta kiti, niko na daftari. Endeleeni.

#4 Mzee wa Mizani
Mpanga Shehena kasema kweli, namwongezea namba. Progress imezaliwa na Soyuz, chombo cha Warusi cha kubeba watu. Soyuz ina sehemu tatu, na ile ya katikati ndiyo wanaanga wanayorudi nayo duniani. Uzito wake unakaribia tani 3. Wahandisi wa Kisovyeti walipotaka chombo cha mizigo waliiondoa sehemu hiyo yote, wakaweka matangi ya mafuta mahali pake. Ikatoka Progress: tani 7 na ushei, na ndani yake mzigo wa tani 2 na nusu hivi.

Linganisha. Mzigo wote haufiki hata uzito wa kile walichokitoa. Wangekiacha, wangepeleka nini?

Ya kwanza ilirushwa Januari 1978 kwenda kituo cha Kisovyeti cha Salyut 6, walikokuwa wanaanga Romanenko na Grechko. Ndipo kituo kilipoanza kuongezewa mafuta kikiwa hukohuko juu.

#5 Kijana wa Obiti
Wazee, heshima zenu, lakini hapo mmeruka kitu. Dragon, chombo cha mizigo cha kampuni ya Kimarekani ya SpaceX, inarudi! Ilifika kituoni mara ya kwanza Mei 2012, Don Pettit akaidaka kwa mkono wa roboti, ikapakuliwa, ikashuka baharini kwa miavuli. Siku hizi ganda lilelile linarushwa tena na tena. Inapanda na mzigo mkubwa kuliko wa Progress na inaweza kurudi na tani 3.

Kwa hiyo sababu si kilo, ni mazoea. Kiwanda kimezoea kutengeneza kitu kimoja miaka arobaini na kitu, nani atakigusa?

#6 Mpanga Shehena
Kijana, Dragon inarudi nusu. Ile sehemu ya nyuma yenye paneli za jua inaachwa angani na inaungua. Halafu angalia na roketi inayoipandisha: Falcon 9 ina nguvu maradufu na zaidi ya roketi ya Soyuz inayoipandisha Progress. Ukiwa na lori kubwa, kubeba jeki na tairi la akiba hakukuumizi. Mwenye baiskeli anahesabu hata kamba.

#7 Kijana wa Obiti
Sawa, la sehemu ya nyuma nimelikubali, nilisahau. La mazoea silirudishi mfukoni.

#8 Mama Sampuli
Naomba niingie. Mimi ni mtu wa maabara ya hospitali. Mnabishana chombo kirudi au kisirudi, mbona hamuulizi kirudi na nini?

Damu ikishatolewa kwa mgonjwa, saa inaanza kukimbia. Nimewahi kupokea boksi la sampuli ambalo barafu yake ilikwisha njiani. Chupa zote zilikuwa safi kwa macho, lebo zimenyooka, vifuniko vimekaza, na hakuna hata moja iliyofaa kupimwa. Nilizitupa moja moja huku nikiwafikiria watu watakaodungwa sindano upya.

Wanaanga nao wanatolewa damu na mkojo huko juu, kuna seli zinazokuzwa na fuwele za protini. Hivyo ndivyo vinavyotafutiwa njia ya kurudi, vikiwa na ubaridi wake. Baada ya meli za Shuttle za Wamarekani kustaafu 2011, na kabla ya Dragon kuanza, walibaki na kinafasi kidogo tu ndani ya Soyuz, pembeni ya miguu ya watu watatu. Kwa hiyo wangu ni huu: si kila chombo kinahitajika kirudi. Kinahitajika kimoja chenye friji.

#9 Mzee wa Mizani
Mama Sampuli umenikumbusha jambo. Warusi nao walijaribu. Enzi za kituo chao cha Mir, kuanzia 1990, waliweka kapsuli ndogo iitwayo Raduga ndani ya baadhi ya Progress. Progress ikishuka kuungua, Raduga inachomoka na kuja chini kwa mwavuli na kama kilo 150 za vitu. Wajapani wakafanya linalofanana na hilo 2018: chombo chao cha mizigo, Kounotori ya saba, kiliachia kapsuli yenye fuwele za protini ndani ya chombo mfano wa chupa ya chai, kuta mbili na katikati hamna hewa, ubaridi ukadumu kwenye nyuzi 4.

Kwa hiyo mazoea si jibu kamili. Walijua namna ya kurudisha, wakachagua kurudisha kidogo.

#10 Baharia Mstaafu
Nimesoma kimya toka juu. Nyote mnasahau uchafu. Watu saba ndani ya kopo lisilo na dirisha la kufungua, kila siku mifuko ya chakula, nguo (hawafui, wanavaa mpaka basi), vifaa vilivyokufa. Hivyo vyote vinakwenda wapi? Chombo kinachoungua ndilo jaa lao. Melini tulikuwa tukihesabu mapipa ya taka kama tunavyohesabu ya maji ya kunywa, kwa sababu yote mawili yanaamua siku za safari.

#11 Tumbili Msomi
Baharia, si wangetupa tu nje? Huko hakuna mvutano, takataka itaelea iende zake.

#12 Mzee wa Mizani
Tumbili, mawili. Kwanza mvutano upo. Kituo kiko kama kilomita 400 juu, na pale dunia inavuta kwa karibu asilimia 90 ya inavyovuta hapa ulipokaa. Vitu vinaelea kwa sababu kituo na kila kilichomo vinaanguka pamoja, huku vikienda mbele kilomita 28,000 kwa saa, basi vinaikosa dunia kila mara. Pili, ukitupa mfuko dirishani hauendi zake. Una mwendo uleule mlio nao. Utazunguka karibu nanyi, na unaweza kuwarudia.

#13 Kijana wa Obiti
Na hata hivyo walishatupa, tena kitu kikubwa. Machi 2021 mkono wa roboti uliachia kreti la betri kuukuu, tani karibu 3. Kreti hilo lilipaswa kuondoka ndani ya Kounotori likaungue nayo, ratiba zikavurugika, likakosa chombo. Likazunguka lenyewe miaka mitatu. Machi 2024 likaingia angahewa, na kipande cha chuma cha gramu 700 kikatoboa paa la nyumba huko Naples, Florida, kikapita na sakafu. NASA wakathibitisha ni chao.

Kwa hiyo Nyota, chombo cha kuungua si ufujaji tu. Kinakwenda na injini yake na kuchagua pa kuangukia.

#14 Nyota ya Alfajiri
Kijana, hilo la paa limenishtua. Sikuwahi kulifikiria chombo kama kitu cha kuchagua pa kufia. Asanteni, endeleeni, nafuatilia kila ujumbe.

#15 Baharia Mstaafu
Kidogo tu kuhusu lugha. Naona kila mahali wanaandika chombo "kimetia nanga" kituoni. Nanga hutiwa baharini, chini, mbali na nchi kavu. Chombo kinachojibana ubavuni mwa kingine na kufungwa kimetia gati. Wenye magazeti watusikie.

#16 Kipepeo Mweusi
Baharia leo hataki mchezo, umetuharibia vichwa vyote vya habari 😀 Je, vile vinavyodakwa na mkono vimetia nini?

#17 Baharia Mstaafu
Hivyo vimevutwa gatini. Tishari kabisa.

#18 Fundi Rada
Na tofauti hiyo ina maana kubwa, si ya maneno tu. Kuna makundi mawili. Progress, ATV ya Ulaya (zilikuwa tano, 2008 mpaka 2014) na Tianzhou zinajipeleka zenyewe mpaka mguso wa mwisho, na Dragon ya sasa nayo imehamia huku. Cygnus ya Wamarekani inakuja mpaka mita kama kumi, inatulia, mtu aliye ndani ya kituo anaongoza mkono anaidaka; Kounotori na Dragon ya zamani, zilizostaafu 2020, nazo zilikuwa hivyo.

Kutulia huko ndiko kazi. Ukiwa nyuma ya kituo na ukataka kukifikia, huchomi mafuta kukifuata moja kwa moja. Ukiongeza mwendo unapanda juu zaidi, na juu mzunguko ni mrefu, unaachwa. Unashuka chini kwanza, unakimbia kwenye duara fupi, kisha unapanda. Zamani Progress ilichukua siku mbili. Julai 2018 moja ilifika kwa saa 3 na dakika 40 hivi. Novemba 2022 Tianzhou ya tano ikafika kituo cha Wachina kwa saa 2 na dakika chache. Kompyuta ndizo zinazopiga hesabu hizo njia nzima.

#19 Tumbili Msomi
Na kompyuta ikikosea?

#20 Fundi Rada
Ndiyo maana kuna kifaa cha kuongozea kwa mkono, Warusi wanakiita TORU. Mwanaanga anakaa ndani ya kituo mbele ya skrini na vishikio viwili, anaona kile kamera ya chombo inachoona, anakiongoza. Mwanaanga Malenchenko aliokoa mzigo hivyo 1994, baada ya mitambo kushindwa na Progress kugusana na Mir.

Lakini kifaa hicho hicho ndicho kilichotumika Juni 25, 1997. Tsibliyev, kamanda wa Mir, aliambiwa aijaribu kwa Progress M-34, rada ya kujiongoza ikiwa imezimwa. Skrini ilimwonyesha Mir kama doa dogo linalopotea kwenye mawingu ya dunia nyuma yake. Hana namba ya umbali, hana namba ya mwendo. Mwenzake Lazutkin anahaha kutoka dirisha hadi dirisha kukitafuta chombo kwa macho. Kilipoonekana kilikuwa kimeshawafikia, kinakuja mita 3 kwa sekunde. Kikaipiga Spektr, mojawapo ya sehemu za kituo, kikapinda paneli ya jua, kikatoboa ukuta. Foale, Mmarekani aliyekuwa nao, alisikia masikio yanaziba.

Mlango wa Spektr haukufungika, ulipitiwa na rundo la nyaya. Lazutkin akaanza kuzichomoa. Zile zisizochomoka akazikata kwa kisu, nyingine zikiwa na umeme zinatoa cheche. Wakaziba kwa kifuniko, na hewa ikaacha kupungua. Umeme karibu nusu ulipotea, kituo kikaanza kujigeuza gizani. Vitu vya Foale vilikuwa mle, vikabaki mle. Kila ninapofikiria kazi yangu namkumbuka mtu yule na kisu chake.

#21 Kipepeo Mweusi
Mungu wangu. Nimesoma mara mbili.

#22 Mpanga Shehena
Fundi, na chanzo? Mimi niliyoisoma ni ya uzito. Progress ile ilikuwa imeshajazwa taka, na hesabu ya uzito wake haikuwa sahihi, kwa hiyo breki ziliposhikwa hakikupungua kama walivyotarajia. Hilo kwangu lina mashiko. Niliwahi kuona ndege ikizuiwa kuondoka kwa sababu kreti moja lilipakiwa nyuma badala ya mbele. Karatasi ilisema vingine.

#23 Fundi Rada
Lipo hilo. Lipo na la pesa: ile rada ya kujiongoza, Kurs, ilitengenezwa Ukraine, na baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika kila seti ilikuwa ya kununua, wakataka kuona kama wanaweza kuishi bila hiyo. Lipo na la Machi mwaka huohuo, jaribio la kwanza picha ilipotea kwenye skrini, wakashuku mawimbi ya rada yanaivuruga kamera, ndipo safari ya pili wakaizima. Lipo na la uchovu wa watu: kabla ya hapo walizima moto na kuhangaika na mabomba ya kupoozea yanayovuja. Wengine walimtupia lawama Tsibliyev peke yake. Mimi simo. Ukimnyima mtu namba ya umbali, usimlaumu kwa umbali.

#24 Kijana wa Obiti
Mkimaliza hapo niwape kingine. Cygnus ililipuka na roketi yake Oktoba 28, 2014. Progress M-27M ilifika angani ikawa inazunguka kama pia, ikapotea: Aprili 28, 2015. Dragon ikapasuka na roketi yake: Juni 28, 2015. Tatu ndani ya miezi minane, zote tarehe 28!

#25 Mama Sampuli
Tarehe ni tarehe tu, mwanangu. Roketi tofauti, mataifa tofauti, hitilafu tofauti. Kinachonigusa hapo ni kwamba watu wa juu hawakulala njaa. Walikuwa na akiba ya miezi, Progress nyingine ikaenda Julai, Kounotori Agosti. Anayepanga stoo hiyo anastahili heshima.

#26 Fundi Rada
Na ile Dragon ya Juni inauma kwa namna yake. Nondo ya kushikilia chupa ya heli ndani ya tangi ndiyo iliyokatika, roketi ikasambaratika, lakini kapsuli ilitoka nzima na ikaendelea kuwasiliana mpaka ilipoanguka baharini. Miavuli ilikuwemo. Programu haikuwa imeandikwa kuifungua wakati wa kupanda. Baadaye wakarekebisha.

Unaona Nyota? Hata chenye uwezo wa kurudi kinahitaji kuambiwa kwamba huu ndio wakati wa kurudi.

#27 Nyota ya Alfajiri
Nimewasoma wote. La kilo nimelielewa, la taka nimelielewa. Bado roho inasita. Kitu kikiungua hakipotei, kinakuwa moshi na vumbi la aluminiamu juu kabisa, na kisichoungua kinazama baharini. Kwa vile ni mbali na watu ndiyo tunasema hapana neno?

#28 Mzee wa Mizani
Swali zito hilo. Eneo lenyewe, karibu na pale paitwapo Nemo, ndilo lililo mbali na nchi kavu kuliko pengine popote baharini. Mir yenyewe iliangushiwa Pasifiki Kusini Machi 2001. Vyombo vya mizigo ni vichache ukilinganisha na setilaiti zinazoungua siku hizi, lakini uchache haujibu swali lako, nakubali.

#29 Mpanga Shehena
Mimi nasimama palepale. Ukitaka kipungue kinachoungua, punguza safari. Na safari zimepunguzwa kwa maji, si kwa chombo: wanasafisha mkojo na unyevu wa pumzi, na 2023 NASA walisema mtambo umefikia asilimia 98 ya maji yanayorudishwa. Kila lita isiyopanda ni kilo moja.

#30 Mama Sampuli
Ongeza na hili: kinachokwenda kufa kinafanyishwa kazi kwanza. Cygnus kadhaa, kuanzia 2016, ziliondoka kituoni zikiwa na sanduku la majaribio ya moto. Zikishafika mbali wanawasha kitambaa cha pamba kilichofumwa na nyuzi za kioo, wanaangalia mwali unavyotambaa pasipo juu wala chini. Huwezi kuwasha moto mkubwa namna hiyo walipo watu. Ndani ya chombo ambacho kesho kinaungua chote, unaweza.

#31 Baharia Mstaafu
Na vinasukuma. Kituo kinakwaruzwa na hewa kidogo iliyopo kule, kinashuka hata kilomita mbili kwa mwezi. Progress ikiwa gatini inawasha injini, inakipandisha. Inakipa na mafuta kupitia mabomba yaliyo kwenye pete ya gati yenyewe. Novemba 2024 Dragon nayo ikajaribu kusukuma. Tishari tena, nilisema.

#32 Kijana wa Obiti
Na tishari la mwisho limeshaagizwa. 2024 NASA waliwapa SpaceX kazi ya kutengeneza chombo cha kukishusha kituo chenyewe kikistaafu, kimetokana na Dragon hiyohiyo. Chombo kinachojulikana kwa kurudi ndicho kitakachokwenda kuungua na kituo kizima.

#33 Nyota ya Alfajiri
Kijana, hilo sijui nilipokee vipi.

Jana usiku niliangalia ratiba ya kupita, alfajiri nikatoka. Kituo kilipita kweupe, hakimeti, kimya kabisa. Nilisikia kwamba chombo kikishaachiwa huonekana nyuma au mbele yake kama nukta ya pili. Nimeona moja tu.

#34 Fundi Rada
Ya pili huwa hafifu sana, na haikai jirani kwa muda mrefu. Safari ijayo toka mapema, angalia mbele ya kituo: chombo kinachoondoka kinashuka, na kinachoshuka kinatangulia. Chukua darubini ya mkononi. Usiifuate nukta kubwa kwa macho, tulia sehemu moja ya anga ziipite zenyewe.

#35 Nyota ya Alfajiri
Asante Fundi. Kesho saa kumi na moja na robo kinapita tena. Nitatoka saa kumi na moja kamili.